Kadi ya Miaka Miwili: Namna ya Kuondoa Masharti Bila Kupoteza Hadhi Yako Marekani

Simu za namna hii huja usiku, watoto wakishalala. Kadi ya kijani imekwisha muda wiki iliyopita, kazini wanadai karatasi mpya, mume yuko barabarani na trela mahali fulani Nebraska, na dada wa watu anauliza kama sasa amekuwa mtu asiye na makaratasi. Nimezipokea simu hizi kwa Kiswahili cha Mombasa, cha Mwanza na cha Bukavu, na mwanzo wa jibu langu ni ule ule: kadi na hadhi ni vitu viwili. Kadi ni plastiki, ina tarehe ya kufa. Hadhi ni haki yako ya kukaa, nayo haifi kwa sababu plastiki imekwisha muda, mradi umetuma Fomu I-751, ile ya kuondoa masharti kwenye kadi ya ndoa, kwa wakati na unayo barua inayoonyesha imepokelewa.

Mimi si wakili. Njia hii nimeipita mwenyewe, na nimekaa mezani na wenzangu wengi wakipanga karatasi zao. Penye shida ya mahakama, kukamatwa au talaka yenye ugomvi, tafuta wakili wa uhamiaji au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani. Yule jamaa wa mtaani anayejaza fomu za kila mtu nyuma ya duka la nyama, muogope. Akikosea, saini iliyo chini ya fomu ni yako.

Soma kadi kabla ya kufanya lolote

Sheria yenyewe ni ya 1986. Bunge la Marekani liliona watu wanaoana kwa ajili ya makaratasi, likaamua ndoa changa ipewe kwanza muda wa kuangaliwa. Kama siku uliyopata ukaaji ndoa yenu ilikuwa haijatimiza miaka miwili, unapewa kadi ya miaka miwili yenye masharti, mwenzi wako awe raia au awe mkaaji wa kudumu tu. Kama ilikuwa imeshavuka miaka miwili, unapewa ya miaka kumi na mwongozo huu haukuhusu. Walioshinda bahati nasibu ya viza, na wakimbizi waliopata kadi kwa ukimbizi wao, nao hawamo.

Tazama sehemu ya kadi inayotaja aina. Ukiona CR1, uliingia na viza ya ndoa kutoka ubalozini, pengine Nairobi au Dar es Salaam. CR6 ni ya aliyebadilishiwa hadhi akiwa ndani ya Marekani, na CF1 ni ya aliyekuja na viza ya uchumba. IR1 na IR6 ni za miaka kumi. Kama siku ya kuingia ndoa yenu ilikuwa tayari imevuka miaka miwili na bado kadi inasema CR1, huenda kosa limefanyika uwanja wa ndege. Lishughulikie kosa hilo kwanza, maana I-751 huenda hata huihitaji.

Sasa tarehe. Hapa wengi wetu tunateleza, na si kwa uzembe. Wamarekani huandika mwezi kwanza, halafu siku. Kadi inayosema 10/05/26 inakwisha tarehe 5 Oktoba 2026, si 10 Mei. Kaka mmoja aliisoma kwa mtindo wa nyumbani, akatuma fomu miezi mitano kabla ya wakati, ikarudi na barua ya kumkatalia. Afadhali yeye aliyewahi kuliko ambaye kadi yake ni 05/10/26, akaisoma 5 Oktoba.

Dirisha la siku 90

Fomu ya pamoja, yaani mnayotia saini wote wawili, hutumwa ndani ya siku 90 za mwisho kabla kadi haijaisha. Siku inayohesabiwa ni ile fomu inapofika USCIS, idara ya uraia na uhamiaji, wala si siku uliyoipeleka posta. Ikifika mapema, inarudishwa. Ikichelewa bila sababu nzito, hadhi yenyewe inaingia hatarini.

Chukua mfano wa kadi inayokwisha 14 Oktoba 2026. Hesabu siku 90 kurudi nyuma: 14 za Oktoba, 30 za Septemba, 31 za Agosti, jumla 75; bado 15, zinakufikisha 16 Julai. Dirisha linafunguka siku hiyo. Mimi ningeituma ifike kati ya 20 na 25 Julai. Siku chache za pumzi mwanzoni zinakulinda na kosa la kuhesabu, na bado una miezi zaidi ya miwili fomu ikirudishwa kwa dosari ndogo, kama saini iliyosahaulika. Usingoje Septemba.

Usitegemee kwamba serikali itakukumbusha. Andika tarehe mbili, ya kufunguka na ya kufungwa, kwenye simu zenu zote na kwenye kalenda ya ukutani.

Karatasi za ndoa

Hapa ndipo kazi ilipo. Afisa hatazami kama mnapendana. Anatafuta alama ambazo maisha ya pamoja huziacha kwenye karatasi. Na nyumba zetu nyingi hazina karatasi. Mume analipa pango kwa jina lake kwa sababu alikuwa kwenye mkataba kabla mke hajafika. Mke anapokea mshahara kwenye akaunti yake na ananunua chakula cha nyumba nzima. Gari ni la mume, simu ziko kwenye mpango wa shemeji, na wote wanajua nani analipa nini bila kuandika popote. Ndoa ni ya kweli kabisa, ila ukiwaambia waithibitishe kwa karatasi wanakuletea albamu ya harusi.

Kwa hiyo anza siku unayopata kadi, usingoje miezi mitatu ya mwisho. Nenda kwa mwenye nyumba, jina lako liingie kwenye mkataba wa pango. Fungueni akaunti ya pamoja, na muhimu zaidi, itumieni: mishahara iingie, pango na umeme vitoke humo. Akaunti ya pamoja yenye dola 50 zilizolala miezi 20 inamwonyesha afisa kinyume cha unachotaka. Majina yenu yote yawe kwenye bima ya gari, kila mmoja awe kwenye bima ya afya ya mwenzake kama kazi inaruhusu, na kwenye bima ya maisha au akiba ya uzeeni mwandikeni mwenzi wako kama mrithi. Hayo ya mwisho ni ya bure na yana uzito kuliko picha 100.

Marejesho ya kodi ni nguzo. Jazeni kama wanandoa, kwa pamoja au kila mmoja kivyake, lakini mtu aliyeolewa asijiandike kwamba hajaolewa ili arudishiwe pesa nyingi. Aliyewajazia kodi akiwaambia ni ujanja wa kawaida, ondokeni. Muhtasari rasmi wa marejesho yenu unapatikana bure kutoka mamlaka ya kodi, IRS, na ni bora kuliko nakala uliyochapisha nyumbani.

Wenye watoto waambatanishe vyeti vya kuzaliwa, na karatasi za shule au hospitali zinazoonyesha wazazi wote wawili.

Wanaoishi kwa ndugu, bila mkataba wowote, wapate barua ya mwenye nyumba aeleze mmekaa tangu lini na mnachangia nini, halafu waongeze barua za benki, leseni na bahasha za serikali zenye anwani ile ile. Wanaolala mbali kwa ajili ya kazi, dereva wa masafa marefu au mhudumu anayeishi nyumbani kwa mzee anayemtunza, waeleze jambo hilo waziwazi katika barua ya ukurasa mmoja na kuweka ushahidi wa kazi. Usimwachie afisa agundue mwenyewe kwamba mna anwani mbili.

Picha zichaguliwe. Zisizidi 20, zilizotawanyika miaka yote miwili: Idi, Krismasi, siku ya kuzaliwa mtoto, safari ya kumzika babu Moshi. Chini ya kila moja andika tarehe, mahali na waliomo. Zile za harusi afisa wa viza alishaziona. Barua ya mahari nayo ni hivyo hivyo. Inaonyesha ndoa ilivyoanza, na sasa swali ni mmeishije tangu upate kadi.

Jambo ambalo wenzetu hulisahau ni pesa zinazokwenda nyumbani. Taarifa za kutuma pesa kwa wakwe, taarifa ya M-Pesa inayoonyesha mke anamtumia mama mkwe kila mwezi, mchango wa ada ya shule ya shemeji: hizi ni ndoa kwa maandishi. Mtu anayejifanya kaoa hamlipii mama mkwe dawa ya presha.

Karatasi yoyote ya Kiswahili, Kifaransa au Kiarabu iende na tafsiri kamili ya Kiingereza, na mtafsiri aandike na kutia saini kwamba anazijua lugha zote mbili na tafsiri yake ni sahihi. Hahitajiki mtafsiri wa mahakama, ila asiwe wewe wala mwenzi wako. Rafiki anayejua lugha zote mbili anatosha. Ukitaka kuweka mazungumzo ya WhatsApp, chagua kurasa chache za miezi tofauti. Hakuna afisa atakayesoma kurasa 300 za “umekula?” na “nimefika”.

Hati za kiapo zitoke kwa watu wawili au zaidi wanaowafahamu tangu upate ukaaji. Kila mmoja aandike jina kamili, anwani, tarehe na mahali alipozaliwa, uhusiano wake nanyi, na amejuaje anayoyasema. Barua ya “nawafahamu, ni watu wazuri, wanapendana” haina kazi. “Walikaa kwangu wiki mbili Desemba bomba la nyumba yao lilipopasuka, na mimi ndiye niliyempeleka mke hospitali kujifungua mume akiwa zamu ya usiku” hiyo ina kazi. Changanya: jirani Mmarekani, imamu au mchungaji, mfanyakazi mwenzako, ndugu mmoja. Wote wakiwa ndugu inaonekana kikao cha ukoo.

Kujaza na kutuma

Pakua fomu kutoka tovuti ya USCIS siku ile ile unayoijaza, maana toleo la zamani hurudishwa. Ada tangu 1 Aprili 2024 ni dola 750, na alama za vidole zimo humo. Mwenye kipato kidogo anaweza kuomba asamehewe ada kwa Fomu I-912. Tangu mwisho wa Oktoba 2025 hundi hazipokelewi tena. Unalipa kwa kadi ya benki kupitia Fomu G-1450, au moja kwa moja kutoka akaunti ya benki ya Marekani kupitia G-1650. Hakikisha pesa zipo na benki haitazuia malipo, kwa sababu malipo yakigoma fomu nayo inarudi.

Tieni saini wote wawili kwa kalamu. Wekeni nakala ya kadi mbele na nyuma. Mtoto aliyepata ukaaji wa masharti pamoja nawe, au ndani ya siku 90 baada yako, anaingia kwenye fomu yako. Aliyechelewa zaidi ya hapo anahitaji fomu yake.

Anwani ya kutuma hutegemea jimbo na huduma ya posta unayotumia. Isome upya siku ya kutuma. Tuma kwa njia yenye namba ya kufuatilia. Na kabla ya kufunga bahasha, piga nakala ya kila ukurasa. Barua ya kudai ushahidi zaidi ikija baada ya mwaka, bila nakala hutakumbuka ulipeleka nini.

Barua ya miezi 48

Baada ya wiki kadhaa inakuja barua, I-797. Hii ndiyo kadi yako sasa. Tangu Januari 2023 inaongeza miezi 48 juu ya tarehe iliyo kwenye kadi, kwa hiyo yule wa 14 Oktoba 2026 anafika 14 Oktoba 2030. Barua peke yake haitoshi na kadi iliyokwisha peke yake haitoshi; zikiwa pamoja ni ushahidi wa ukaaji, wa kufanya kazi na wa kusafiri. Usitupe kadi ya zamani. Namwambia kila mtu aiskani barua siku inapofika, nakala moja iwe kwa mtu wa nyumbani Afrika, na ya asili isikae kwenye gari.

Wiki zikipita bila barua, angalia kwanza kama malipo yamekatwa. Yakikatwa, fomu imepokelewa. Barua ikipotea, au kadi yenyewe ikipotea wakati unasubiri, piga simu kituo cha USCIS uombe ushahidi wa muda, ule muhuri wa I-551 unaogongwa kwenye pasipoti. Usijaze Fomu I-90 kwa sababu tu kadi ya masharti imekwisha muda. Fomu hiyo haiondoi masharti, na pesa utazipoteza.

Baadaye utaitwa kwenye alama za vidole, au utaambiwa watatumia zile za zamani. Kisha kimya. Kimya kinaweza kuwa mwaka, miwili, hata zaidi. Kimya si kukataliwa.

Kuishi ndani ya kimya hicho

Kazini, ofisa wa ajira anaweza kuona kadi imekwisha akaogopa. Mwonyeshe kadi na barua pamoja, na mwelekeze kwenye mwongozo wa serikali wa kuhakiki wafanyakazi, ambao unaitaja barua hii. Huhitaji kibali cha kazi. Mwajiri hana ruhusa ya kukuchagulia karatasi anayoitaka yeye. Akikusimamisha kwa sababu hiyo, Wizara ya Sheria ina kitengo kinachopokea malalamiko ya namna hiyo. Mimi mwenyewe nilirudishwa nyumbani siku tatu na kampuni moja ya ghala hadi makao makuu yao walipoisoma barua. Siku tatu hizo sikulipwa, na sikujua kwamba ningeweza kulalamika.

Leseni ya udereva nayo hutoa jasho, maana majimbo huhakiki hadhi kwa mtandao wa serikali na jibu wakati mwingine huchukua siku. Tangu 7 Mei 2025 ndege za ndani zinadai kitambulisho cha kiwango cha shirikisho kiitwacho REAL ID au kingine kinachokubalika, kwa hiyo usingoje leseni ifike wiki ya mwisho. Dirishani pale pa leseni, jihadhari: wanaweza kukuuliza kama unataka kuandikishwa kupiga kura pamoja na leseni. Wewe si raia. Jibu ni hapana, na soma skrini kabla ya kutia saini. Kosa hilo moja limewafunga watu milango ya uraia.

Ukihama, ijulishe USCIS ndani ya siku 10, kwa mtandao au kwa Fomu AR-11. Kuibadili anwani posta hakutoshi. Barua ya mahojiano ikienda nyumba ya zamani na wewe usipotokea, fomu inaweza kukataliwa kwa hilo tu. Kijana wa kiume wa miaka 18 hadi 25 ajiandikishe kwenye Selective Service, daftari la serikali la wanaoweza kuitwa jeshini.

Halafu miraa. Najua kwa mtu wa Meru, Mombasa au Kampala ni starehe ya kawaida ya alasiri, na mzigo unapatikana kwa siri katika miji mingi ya huku. Kwa sheria ya shirikisho la Marekani kathinoni iliyomo ndani ya miraa iko kwenye kundi moja na heroini. Bangi nayo, hata katika jimbo linaloiuza madukani, kwa uhamiaji bado ni dawa haramu. Kesi ya ulevi barabarani au ugomvi wa nyumbani uliofika polisi, zungumza na wakili wa uhamiaji kabla ya kukubali kosa lolote mahakamani, hata kama wakili wa jinai anakuambia ni faini tu.

Kusafiri nyumbani

Unaweza kusafiri na kadi iliyokwisha pamoja na barua ya asili na pasipoti hai. Tatizo huwa kaunta ya uwanja wa ndege wa nyumbani au wa kati, ambapo mhudumu anaona tarehe kwenye kadi na kukuvuta pembeni. Fika mapema, mpe barua kabla hajauliza, mwonyeshe kwa kidole sentensi ya miezi 48, na omba msimamizi kwa upole. Ukizidiwa kabisa, au ukiibiwa kadi ukiwa Afrika, ubalozi wa Marekani hutoa hati ya kupandia ndege kupitia Fomu I-131A.

Safari zako ziwe chini ya miezi sita. Ukivuka siku 180 unarudi kama anayeomba kuingia upya, na maswali yanakuwa makali. Mwaka mmoja bila kibali cha kurudi ni kama umeuacha ukaaji. Mzazi akiugua na ukaona utakaa, omba kibali hicho ukiwa bado Marekani, na hakikisha I-751 inatumwa kwenye dirisha lake hata ukiwa mbali. Uwanja wa ndege ukiwekewa Fomu I-407 mbele yako, fahamu ni ya kuurudisha ukaaji kwa hiari. Una haki ya kukataa kuitia saini na kuomba jambo lako lipelekwe kwa hakimu.

Tangazo la rais la Juni 2025 lililowawekea vikwazo raia wa nchi kadhaa, Burundi ikiwamo, liliwaacha nje wakaaji wa kudumu. Lakini kanuni za upande huu zimekuwa zikibadilika upesi. Muulize wakili kabla ya kununua tiketi, si baada.

Barua ya kudai ushahidi, na mahojiano

USCIS ikiona karatasi hazitoshi hutuma barua ya kudai zaidi, kwa kawaida ikikupa hadi siku 84 na nyongeza ndogo ya posta. Jibu mara moja tu, kwa pamoja, kwa kila wanachouliza. Ushahidi wa tangu siku uliyotuma fomu hadi leo ndio unaosaidia zaidi.

Wengine huitwa mahojiano, wengine hupitishwa bila kuonana na mtu. Ukiitwa, maswali ni ya nyumbani: nani aliamka kwanza leo, mlilipaje gari, mama mkwe anaitwa nani na mlimwona lini. Msikariri. Mume asiyejua rangi ya pazia hakataliwi kwa pazia. Hukataliwa kwa kubuni. “Sikumbuki” ni jibu halali. Kama Kiingereza kinakusumbua nenda na mkalimani wako, mjaze Fomu G-1256, na usimtegemee mwenzi wako akutafsirie. Mkongo atafute mkalimani anayekijua Kiswahili cha kwao. Neno moja la Bukavu likitafsiriwa kwa maana ya Unguja laweza kugeuza jibu zima.

Ndoa ikivunjika njiani

Hapa ndipo hofu hugeuzwa silaha. “Nitapiga simu uhamiaji wakufutie makaratasi.” Nimeisikia sentensi hiyo ikisemwa na waume na wake. Mwenzi wako anaweza kukataa kutia saini fomu ya pamoja, na anaweza kusema anayotaka kusema, lakini kufuta hadhi yako si kazi yake. Uamuzi ni wa USCIS, na juu yao yuko hakimu wa uhamiaji.

Sheria inaruhusu kutuma I-751 peke yako kama uliingia kwenye ndoa kwa nia njema na ndoa imevunjwa. Kama mwenzi amefariki. Kama wewe au mtoto mmepigwa au kutendewa ukatili mkubwa. Au kama kuondolewa nchini kutakuletea taabu ya kupita kiasi. Anayetuma peke yake hasubiri dirisha la siku 90. Ushahidi wa nia njema ni ule ule wa pango, benki na kodi, na ndiyo sababu ya kuwa na nakala zako mwenyewe mahali ambapo mwenzako hazifikii.

Ndoa imevunjwa maana yake ni hukumu ya mahakama. Talaka aliyoiandika sheikh Minneapolis, au wazee walioketi Dallas wakarudisha mahari, zinatosha mbele ya dini na mila, hazitoshi mbele ya jimbo. Kukimbilia Mahakama ya Kadhi Zanzibar au Mombasa wakati nyote mnaishi Marekani nako kuna mtego, kwa kuwa talaka ya nje inaweza kukataliwa kama hakuna kati yenu aliyekuwa mkaaji wa huko. Fungua shauri kwenye jimbo unaloishi, na fungua mapema: North Carolina, kwa mfano, hudai mwaka mzima wa kutengana kwanza. Kama kadi inakwisha na shauri bado, usikae. Tuma ombi la peke yako ukieleza talaka iko mahakamani, kisha hukumu ipeleke watakapoidai. Kama mlishatuma pamoja halafu mkaachana, wajulishe USCIS na uombe fomu igeuzwe kuwa ya peke yako.

Upande huo huo, mwenye ndoa ya zamani nyumbani ambayo haikuvunjwa kisheria, au aliyeongeza mke wa pili Tanga akiwa likizo, ana shida kubwa kuliko I-751. Marekani haitambui mitala hata pale sheria ya Tanzania au Kenya inapoiruhusu. Nenda kwa wakili kabla ya kutuma karatasi yoyote.

Anayepigwa anaweza kutuma ombi lake hata akiwa bado ndani ya ndoa, bila ada, na bila mwenzi kuambiwa. Sheria inaifungia USCIS mdomo. Weka anwani ya barua iliyo salama, hifadhi picha, rekodi za hospitali na za polisi kama zipo, na barua za waliokusikiliza. Simu ya taifa ya ukatili wa nyumbani, 1-800-799-7233, iko wazi saa 24 na huwa na wakalimani.

Ukichelewa, au ukikataliwa

Aliyepitwa na tarehe atume leo, pamoja na barua ya kueleza sababu na ushahidi wake: kulazwa hospitali, msiba, kupotoshwa. USCIS ina uhuru wa kukubali. “Sikujua” ni sababu dhaifu, lakini wiki tatu za kuchelewa hutazamwa tofauti na miaka mitatu.

Ikikataliwa, utapokea wito wa kwenda mbele ya hakimu wa uhamiaji. Usiukimbie. Hakimu anaweza kuyaangalia yote upya, na mpaka atoe amri ya mwisho ya kukuondoa wewe bado ni mkaaji, una haki ya ushahidi wa muda na ya kufanya kazi. Kutofika mahakamani ndiko kunakozaa amri hiyo usiku mmoja.

Uraia ukitangulia

Mwenzi wa raia anayeishi naye anaweza kuomba uraia kwa Fomu N-400 akitimiza miaka mitatu ya ukaaji, na inaruhusiwa kutuma siku 90 kabla. Miaka miwili ya masharti inahesabiwa. Kwa kuwa I-751 huchukua muda, wengi hujikuta na fomu zote mbili mezani, na afisa huziamua siku moja. Mwende wote wawili siku hiyo, na karatasi mpya za pamoja mkononi, hata kama barua ya wito imetaja uraia tu.

Kadi ya miaka kumi ikifika, ifungue palepale kwenye sanduku la barua. Linganisha herufi za jina na pasipoti, hasa majina yetu matatu ambayo kompyuta hupenda kuyabana kuwa mawili, na tazama tarehe ya kuanza ukaaji: inatakiwa kuwa ile ya kadi ya kwanza, si ya juzi. Kosa likiwa lao, wanarekebisha bila ada.